Jaza karatasi ya mhusika kabla ya kuchagua kazi

Ukimuuliza kijana wa Mombasa aliyemaliza shule anataka kazi gani, mara nyingi atakutajia mahali: bandarini, melini, hotelini, hospitali. Ukimuuliza yeye ana nini cha kupeleka huko, ananyamaza.

Mpwa wangu alinyamaza hivyo hivyo. Ana miaka 19, alipata C katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, na kwao Likoni kila mtu alikuwa na jibu lake tayari. Mama yake alitaka uuguzi. Ami yake alitaka aingie bandarini. Jirani akasema Ghuba ndiko kwenye pesa. Yeye mwenyewe akaniambia, "Mjomba, mimi sina ninachokijua." Na huyu ni msichana ambaye tangu kidato cha kwanza anaamka saa kumi na nusu alfajiri kusukuma mahamri na mama yake, na daftari la madeni ya wateja liko mkononi mwake.

Nilimpa karatasi na penseli, tukakaa mezani kwa saa tatu. Tulichofanya ndicho ninachokieleza hapa, ili na wewe umfanyie mwanao, au ujifanyie mwenyewe.

Mchezo wenyewe ni upi

Kuna michezo ya mezani ya kuigiza wahusika. Watu wanne au watano wanakaa pamoja. Mmoja ndiye msimulizi, na kila mmoja kati ya waliobaki ana mhusika wake. Msimulizi anaeleza hali ilivyo, mchezaji anasema mhusika wake atafanya nini, na pale ambapo hakuna ajuaye mambo yataishaje, dadu inarushwa. Dungeons & Dragons, uliofungua njia ya michezo ya aina hii, ulitoka Marekani mwaka 1974, nao waliouunda ni Gary Gygax na Dave Arneson.

Mimi nilifundishwa mchezo huo na mwenzangu wa kazi miaka mingi nyuma, na hadi leo nacheza. Lakini sehemu ninayoipenda zaidi huja kabla mchezo haujaanza, pale kila mchezaji anapojaza karatasi ya mhusika wake: ametoka wapi, ana uwezo gani, anajua nini, fani yake ni ipi, amebeba nini. Karatasi hiyo ina bajeti. Huruhusiwi kuwa hodari wa kila kitu. Ukiandika namba kubwa hapa, namba ndogo lazima ikae pale, nawe uikubali kwa mwandiko wako.

Sisi tunapompangia mtoto kazi hatuna bajeti hiyo. Tunataja jina la kazi kwanza, halafu tunamkunja mtoto aingie ndani yake. Nami nimeyaonja hayo: nilipoteza miaka miwili kwenye kozi niliyoichagua kwa sababu tu rafiki zangu watatu walikuwa wamejiandikisha, na chuo kikaifunga kozi hiyo kabla hatujamaliza. Hakuna aliyekuwa ameniuliza mimi ni mtu wa namna gani. Sikuwa nimejiuliza pia.

Utakachohitaji

Karatasi mbili, penseli, kifutio, na mtu mmoja anayekujua vizuri wala hakuonei haya. Wa nyumbani anafaa kuliko rafiki wa juzi.

Dadu ya mchezo huu ina nyuso 20, na si rahisi kuipata madukani kwetu. Ya ludo ina nyuso 6 tu. Mimi niliandika namba 1 hadi 20 kwenye vizibo vya soda, nikavitia katika mkebe wa maziwa ya unga. Unatikisa, unachomoa kimoja bila kutazama, ukishaisoma namba unakirudisha. Kuna nyumba nyingi hapa pwani ambazo dadu haiingii kwa sababu za dini, na hilo naliheshimu. Hatua nne za mwanzo hazihitaji bahati yoyote, na ile ya igizo unaweza kuifanya kwa mazungumzo matupu, msimulizi akiamua matokeo kwa haki.

Hatua ya 1: andika chimbuko

Katika mchezo, kabla hujawa mpiganaji au mganga, unaulizwa ulikuwa nani. Baharia? Mfanyabiashara? Mtoto wa mtaani? Na jibu hilo si pambo, maana katika kanuni zilizotoka mwaka 2014 chimbuko linakupa stadi mbili za kweli, unazoingia nazo kwenye fani yoyote utakayochagua.

Kwa hiyo juu ya karatasi usiandike ndoto. Andika siku yako ya kawaida ya miaka mitano iliyopita, saa kwa saa. Andika na kazi ambazo hukulipwa, na hapo ndipo watu hukwama, kwa kuwa tumezoea kwamba kisicho na mshahara si kazi.

Mpwa wangu aliandika mstari mmoja: "Namsaidia mama." Nikamwambia aufute, aandike kile ambacho mikono yake inafanya. Ikatoka hivi: anapima unga na sukari kwa macho; anajua mahamri 200 yanakula nazi ngapi; anavuka feri kwenda Kongowea kununua mbaazi na nazi, na anajua asubuhi gani bei inapanda; anaandika wanaokopa; anakumbuka nani alilipa nusu. Chini yake tukaandika stadi: hesabu ya bidhaa, ununuzi, kumbukumbu za madeni. Alizitazama kwa muda.

Nimeifanya hatua hii na vijana wengine pia. Anayepaka hina na piko harusini ana mkono usiotetemeka, na anajua kukaa na mteja saa nne bila kumchosha. Aliyekuwa akimsaidia ustadhi madrasa amefundisha watoto 30 wenye umri tofauti katika chumba kimoja, na kuna walimu wenye diploma ambao jambo hilo linawashinda. Kijana aliyekuwa makanga wa matatu ya Mtwapa anajua kurudisha chenji kichwani huku ananing'inia mlangoni, na anamtambua mlevi kabla hajapanda. Hizi ni stadi, ziandikwe.

Kama wewe ni mzazi wa mtoto wa gredi ya 9, fanya hatua hii naye mapema. Tangu Januari 2026 wanaoingia gredi ya 10 wanapaswa kuchagua mkondo mmoja kati ya mitatu: sayansi na teknolojia, sayansi ya jamii, au sanaa na michezo. Mkondo huo usichaguliwe kwa kufuata jina tamu.

Hatua ya 2: gawa namba sita

Uwezo uko wa aina sita. Majina ya Kiswahili ni yangu, na maelezo nimeyavuta yaje kwenye kazi za kwetu.

*Nguvu* ni ya mwili: kubeba, kuvuta, kusimama na kazi nzito. *Wepesi* ni mikono na macho kufanya kazi pamoja, kama ya mshonaji, fundi simu au anayechomelea. *Stahamala* ni kuendelea wakati wengine wameshakaa chini: joto, foleni, zamu ya usiku, kungoja. *Akili* hapa ni kukumbuka, kuhesabu, kupanga, kusoma maelekezo na kuyafuata. *Busara* ni kuona lisilosemwa: nahodha anayeitazama bahari ikiwa bado shwari akakataa kutoka, au muuguzi anayegundua kwamba mgonjwa aliyesema hajambo hana hali. *Haiba* ni watu kukusikiliza unaposema.

Sasa chukua namba hizi: 15, 14, 13, 12, 10, 8. Kila moja inatumika mara moja tu. Katika mchezo 10 ni mtu wa kawaida kabisa, kwa hiyo 8 si aibu; ni mahali ambapo utahitaji mwenzako.

Kanuni yangu moja ambayo haimo kwenye mchezo: kila namba iwe na tukio nyuma yake. Siku gani, wapi, nani aliona. Usipokuwa na tukio, namba hiyo umeisikia kwa watu.

Mpwa wangu alianza kwa kuandika 8 kwenye Haiba. "Mimi si msemaji, mjomba." Dada yangu alikuwa jikoni anapepeta mchele, akasema bila kugeuka, "Na zile shilingi 1,400 za muuza nyama, nani alizileta?"

Kumbe mwenye bucha alikuwa amekula mahamri mwezi mzima kwa mkopo, na dada yangu alikwenda mara tatu akarudi mikono mitupu. Binti akaenda na daftari. Hakugomba. Alikaa kwenye benchi, akamsomea tarehe moja moja, mahamri mangapi, mbaazi bakuli ngapi, kwa sauti ile ile yake ya chini, mbele ya wateja wengine. Alipofika tarehe ya tisa yule bwana akafungua droo.

Kifutio kikafanya kazi. Haiba ikapanda hadi 13, kwani haiba si kelele. Stahamala akaandika 15, na tukio lake lilikuwa kila alfajiri ya miaka mitano. Akili 14, Busara 12, Wepesi 10. Iliyobaki ni 8, ikaenda kwenye Nguvu, naye akacheka akasema gunia la mbaazi humbebea kijana wa mkokoteni siku zote.

Hii ndiyo sababu mtu wa pili anahitajika mezani. Peke yako utajipunja pale usipopiga kelele, na utajipendelea pale unapopenda kusifiwa.

Hatua ya 3: elewa mafunzo yanaongeza nini

Hapa nakuomba uvumilie hesabu kidogo, kwa sababu ndani yake mna jambo ambalo lingenisaidia sana nilipokuwa na miaka 19.

Katika mchezo, kila namba ya uwezo inatoa nyongeza. 10 inatoa 0. 12 na 13 zinatoa 1. 14 na 15 zinatoa 2. 8 inapunguza 1. Ukijaribu jambo, unachomoa kizibo, unaongeza nyongeza yako, na jumla inapimwa na ugumu wa jambo, ukiufikia umefaulu: 10 ni rahisi, 15 ni wastani, 20 ni gumu. Na kama umefunzwa jambo hilo, unaongeza 2 tena, hata ukiwa bado ngazi ya kwanza.

Chukua jambo la ugumu wa 15. Mtu wa kawaida asiyefunzwa, nyongeza yake 0, anafaulu mara 30 katika 100. Mtu huyo huyo akifunzwa, mara 40. Mwenye kipaji cha 14 asiyefunzwa, naye ni mara 40. Yaani mafunzo ya mwanzo tu yanamfikisha mtu wa kawaida pale pale alipo mwenye kipaji aliyelala nacho. Mwenye kipaji akifunzwa anafika mara 50.

Lakini kuna la tatu. Mchezaji mwingine akikusaidia katika jambo hilo, unachomoa mara mbili na kuchukua namba iliyo kubwa. Yule yule asiye na kipaji wala mafunzo, akiwa na msaidizi, anafaulu mara 51 katika 100. Msaada wa mtu mmoja ulimzidi mwenye kipaji na mafunzo anayefanya peke yake. Aliyefunzwa, mwenye kipaji, na ana msaidizi: mara 75.

Hizi ni hesabu za mchezo; maisha hayana vizibo. Lakini mpangilio wake naufahamu kutoka mjini kwetu. Vijana wengi wanadhani kujuana ni kuingizwa kazini kwa mlango wa nyuma. Kuna kujuana kwingine, kwa halali kabisa: mtu anayekwambia fomu zinatoka lini, anayekusomea barua kabla hujaituma, anayekuruhusu ukae pembeni siku moja uone kazi ilivyo. Huo ndio msaada wa kutafuta, na tutaurudia.

Hatua ya 4: chagua fani tatu, si moja

Katika mchezo kila fani ina uwezo wake mkuu: mganga asiye na Busara atateseka, na mpiga mishale bila Wepesi vile vile. Fanya hivyo kwa kazi za kweli. Andika fani tatu, na mbele ya kila moja andika ni uwezo gani unaotumika kutwa. Usiandike unaotajwa kwenye sherehe za mahafali.

Ubaharia, kwa mfano. Watu wanafikiri Nguvu. Ukizungumza na waliorudi melini watakwambia Stahamala: miezi mingi mbali na nyumbani, zamu, watu wale wale mezani kila siku. Fundi wa majokofu na viyoyozi, kazi ambayo mji wa joto wenye hoteli, samaki na makontena ya baridi hauwezi kuishi bila yake, anahitaji Akili na Wepesi pamoja. Mwongoza watalii pale Fort Jesus anahitaji Haiba, ndiyo, lakini asipojua kwamba ngome ilianza kujengwa mwaka 1593 na kwamba iliingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2011, haiba yake itamwishia getini.

Kisha angalia mlango wa kila fani. Kwa jumla, shahada inataka C+ ya KCSE, diploma C-, cheti D, na kozi za ufundi wa mwanzo zinampokea hata aliyepata E. Zipo na masharti ya somo moja moja, kwa hiyo soma tangazo la kozi yenyewe, au ukurasa wake kwenye tovuti ya KUCCPS, taasisi inayowapangia wanafunzi nafasi vyuoni. Anayetaka bahari ajue kwamba meli haimchukui mtu bila vyeti vya usalama vinavyotakiwa na mkataba wa kimataifa wa mafunzo na vyeti vya mabaharia, STCW, wa mwaka 1978. Hapa Mombasa, Bandari Maritime Academy ni moja ya pahali pa kuanzia kuuliza. Kwa ufundi na uhandisi kuna Technical University of Mombasa na Kenya Coast National Polytechnic, na kwa uuguzi kuna KMTC, chuo cha mafunzo ya tiba.

Fani tatu za mpwa wangu: muuguzi, kwa heshima ya mama yake, mwokaji wa hotelini, kwa kuwa tayari anakaanga na kuoka, na karani katika ofisi ya wakala wa forodha, kwa kuwa ami yake alitaka bandarini na sisi tukaangalia ni kazi gani ya bandarini isiyotaka ile Nguvu ya 8.

Hatua ya 5: icheze siku moja ya kazi

Ukiiruka hatua hii, karatasi yote inakuwa fomu tu.

Msimulizi anatunga siku moja ya kawaida katika kila fani, yenye mambo matatu au manne ya kutatua. Isiwe siku ya ushujaa. Iwe Jumanne. Kama hujui siku hiyo ikoje, mpigie simu anayeifanya kazi hiyo, muulize swali moja: jana ulifanya nini kuanzia asubuhi? Mimi nilipiga simu tatu kabla ya mpwa wangu kufika.

Kila jambo likimalizika, mchezaji anaandika alama mbili: *alifaulu au la*, na *hamu* kuanzia 1 hadi 5, yaani alitaka kuendelea kiasi gani. Ya pili ndiyo ninayoisoma kwanza.

Tulianza na wodi. Nikamweka zamu ya usiku, wagonjwa wengi, mzee mmoja anakataa dawa, ndugu wa mgonjwa wanapaza sauti. Alichomoa 17, akachomoa 14, akafaulu karibu kila kitu. Stahamala yake ilimbeba. Hamu: 2. "Nilikuwa nangoja igizo liishe," akasema, na akamtazama mama yake kwanza kabla ya kuliandika. Dada yangu hakusema kitu, akaongeza chai.

Hotelini alifaulu yote na akapiga mwayo. Hamu: 2. "Hii nimeshaifanya." Nami nilikuwa nimedhani hiyo ndiyo itakayomkaa. Kumbe mtu anaweza kuwa hodari wa kitu na asitake kukiona tena maishani.

Kisha ofisi. Nikamwambia: kontena la mteja limeshuka Kilindini. Siku za bure za kuhifadhi zinakaribia kwisha, na zikiisha gharama zinahesabiwa kila siku. Mteja anapiga simu kila nusu saa. Mfumo wa forodha umeikataa hati yako na hausemi vizuri kwa nini. Nikamwekea mezani karatasi mbili nilizoziandika kwa mkono usiku uliotangulia: hati ya shehena, na orodha ya vifurushi. Nikamwambia achomoe kizibo kuona kama anagundua kosa.

Hakuchomoa. Alivuta zile karatasi zote mbili, akaweka kidole cha kushoto kwenye moja na cha kulia kwenye nyingine, akashuka mstari kwa mstari midomo ikicheza, vile vile anavyofanya na daftari la madeni. Chai ikapoa. Kwenye mstari wa sita vidole vikasimama. "Hapa katoni 480. Hapa 408. Nani kakosea, mjomba, mwenye mzigo au mwenye meli?"

Sikuwa nimelitayarishia swali hilo jibu. Nikamwambia sijui, akauliza nani anajua. Hamu: 5, akaizungushia duara.

Hatua ya 6: tafuta kundi

Hakuna anayeingia safarini peke yake katika mchezo. Chora viduara vinne kuzunguka namba yako ndogo kabisa na fani uliyoizungushia, na katika kila kimoja andika mtu wa kweli: anayeifanya kazi hiyo sasa, aliyeianza mwaka mmoja au miwili iliyopita na bado anakumbuka mlango ulivyo, anayejua karatasi na maombi, na wa nyumbani wa kukushika ukitaka kuacha.

Watu hupuuza yule wa pili. Mkubwa wa ofisi aliingia kazini wakati mambo yalikuwa tofauti. Ushauri wake ni mzuri lakini njia aliyopita yeye pengine imefungwa. Aliyeanza juzi atakwambia ni cheti gani kilichoulizwa na kipi kilichokaa kwenye bahasha.

Ukienda kumwona mtu wa namna hii, usimwombe kazi. Mwombe dakika 20 na swali lile lile la jana ulifanya nini. Nenda asubuhi, si saa ya adhuhuri, na urudi kumshukuru hata kama hakukusaidia sana. Ami wa mpwa wangu, tuliyemlaumu kwa kusukuma bandari, ndiye aliyemjua karani wa kike katika ofisi moja ya upande wa Moi Avenue. Duara la kwanza likajaa kwa simu moja.

Hatua ya 7: vitu unavyobeba

Hii ni fupi. Kitambulisho, cheti cha KCSE na nakala zake, cheti cha kuzaliwa, wasifu wa ukurasa mmoja, barua pepe yenye jina lako halisi, na nauli ya mwezi mmoja iliyohesabiwa kwa shilingi. Andika ulicho nacho, na kile usicho nacho kiwekee tarehe ya kukipata. Nauli husahauliwa na wengi. Nimeona kijana akiacha mafunzo ya vitendo wiki ya tatu kwa sababu ya nauli ya kwenda Changamwe, na hakuna aliyekuwa ameiandika popote.

Hatua ya 8: gawa ngazi, kisha gawa miaka

Katika kanuni nilizozitaja, kupanda hadi ngazi ya pili kunataka pointi 300 tu za uzoefu, ambazo mhusika huzipata kwa anayoyatimiza. Ya tatu inataka jumla ya 900, ya nne 2,700, ya tano 6,500. Ngazi za mwanzo ziko karibu karibu kwa makusudi, ili mchezaji mpya aonje kupanda.

Basi usiandike "niwe wakala wa forodha mwenye leseni" kama ngazi ya pili. Hiyo iko mbali. Andika mambo ya wiki sita, uyape pointi: kukutana na yule karani, 50, kujua tofauti ya hati tano zinazopita ofisini, 50, kuuliza ada na tarehe za kozi ya forodha kwenye KESRA, chuo cha Mamlaka ya Mapato, 40, kujaza fomu ya mkopo au ufadhili, 60, siku mbili za kukaa pembeni ofisini, 100. Jumla 300.

Kwa mbali nakopa kwa mchezo mwingine. Traveller, uliotoka mwaka 1977, unamjenga mhusika kwa vipindi vya miaka minne minne kuanzia umri wa miaka 18: kila kipindi unaamua kubaki kwenye kazi au kuondoka, unajua umejifunza nini, na katika toleo lile la kwanza mhusika aliweza hata kufa kabla mchezo haujaanza. Tuiache sehemu ya kufa. Vipindi ndivyo ninavyovitaka. Chora visanduku vinne: 18 hadi 22, 22 hadi 26, 26 hadi 30, 30 hadi 34. Cha kwanza kijaze kwa penseli iliyokolea. Cha pili kwa penseli hafifu. Viwili vya mwisho viache vitupu, ila uandike swali moja katika kila kimoja.

Visanduku hivi vinamsaidia sana mtoto anayedhani kozi ya mwaka huu ni ndoa ya maisha. Kijana mmoja wa mezani kwangu alitaka bahari, na uwezo wake uliipokea bahari vizuri, lakini chimbuko lake lilisema wazi kwamba ndiye peke yake anayemtazama mama yake mgonjwa. Hatukuifuta bahari. Tuliihamisha hadi kisanduku cha pili, na cha kwanza akaandika ufundi wa injini, hapa hapa mjini.

Kuirudia

Kila miezi mitatu karatasi itolewe, na mtu yule yule akae mezani. Namba za uwezo zinasogea polepole, kwa hiyo usizifute ovyo. Stadi na pointi ndizo za kuongeza. Hamu ikishuka chini ya 3 mara mbili mfululizo, rudi hatua ya 4, zile fani mbili nyingine bado ziko pale. Weka tarehe juu ya kila karatasi na usiitupe ya zamani.

Ya mpwa wangu imekunjwa mara mbili, iko nyuma ya daftari la madeni. Nilipopita kwao wiki iliyopita alikuwa na pointi 140 kati ya 300. Karani alimkubalia siku moja, akarudi na orodha ya maneno aliyoyasikia na asiyoyaelewa, 23 kwa hesabu yake, akanikalisha nimweleze. Niliyajua 9. Mengine ameyaandika kwenye kipande kingine cha karatasi, na Jumatatu anavuka tena na feri ya saa moja asubuhi kwenda kumuuliza.